Nilivyofundishwa na dada wa kazi kuhusu maji ya mwanangu

Ilikuwa Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu Sokon I, jijini Arusha. Maji ya kunywa ya mwanangu yalikuwa yanachemka kwenye jiko la gesi, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikimwelekeza dada wa kazi ayaache yaendelee kuchemka kwa dakika 20 nzima, tena bila mfuniko.

"Yaache yachemke sana," nilimwambia. "Maji ya huku yana floridi. Yakichemka sana inatoka na mvuke."

Dada huyo, binti wa miaka 19 aliyetoka kijiji kimoja upande wa pili wa Mlima Meru, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Samahani dada. Shuleni kwetu mwalimu alituambia floridi haitoki kwa kuchemsha. Alisema maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki, inazidi kuwa nyingi."

Mzazi mwenzangu, ningependa kukuambia kwamba nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilimwangalia nikamwambia: "Mimi nimesomea mambo ya afya. Wewe uliishia darasa la ngapi?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalijua. Alikuwa amenieleza siku ya kwanza alipokuja kwetu kwamba ada na mahitaji vilimshinda baba yake, akaacha shule akiwa kidato cha pili. Hakunijibu. Alirudi kwenye maharage yake, na maji yakaendelea kuchemka hadi yakabaki nusu sufuria.

Kibaya zaidi, hata nilichosema hakikuwa kweli. Ninaandika habari za afya, lakini shahada yangu ni ya uandishi wa habari. Sijasomea udaktari wala maabara. Nilijipandisha cheo jikoni kwangu ili nimnyamazishe binti aliyekuwa anajaribu kumsaidia mwanangu.

Kwa nini floridi inaniuma

Nimezaliwa na kukulia Arusha, na meno yangu yanasema hivyo kabla sijafungua mdomo kusema ninatoka wapi. Yana madoa ya kahawia, mawili ya mbele juu yana mistari iliyokolea kama chai ya rangi. Nilipokwenda chuoni Dar es Salaam nilijifunza kucheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni. Wenzangu walikuwa wakiniuliza kama sipigi mswaki. Wengine walinitania tu: "Wewe wa Arusha, tumekujua."

Kwa hiyo nilipojifungua, nilijiapia kwamba mwanangu hatapitia hayo. Niliahidi kuwa makini na maji yake. Na kweli nilikuwa makini, ila kwa njia isiyo sahihi, kwa muda wa miezi kadhaa, huku nikiamini kwamba ninafanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Kwa msomaji asiye wa huku, floridi ni madini yanayopatikana kwenye miamba. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba ya namna hiyo huyayeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Ndiyo maana tatizo hili linafuata Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, hadi huku kwetu Arusha, Manyara na mikoa jirani. Maeneo kama Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu yamekuwa yakitajwa kwa miaka mingi kutokana na floridi. Kisima kimoja kinaweza kuwa na kiwango kidogo na cha jirani yake kikawa na kikubwa. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kujua.

Floridi kidogo si adui. Hulinda meno yasitoboke, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Shida ni wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu maeneo mengi yasingepata maji kabisa kama kiwango kingekuwa chini zaidi. Sasa nasi kiwango chetu ni miligramu 1.5.

Anayeathirika kwanza ni mtoto mdogo. Meno ya utu uzima huanza kutengenezwa ndani ya fizi mapema, wakati mtoto bado ana meno ya utoto au hana jino hata moja. Kuanzia kuzaliwa hadi karibu miaka 8, floridi nyingi anayoimeza huharibu utengenezaji wa gamba la nje la meno hayo. Jino likishaota likiwa na doa, hakuna mswaki wala majivu yatakayolifuta. Na kwa mtu anayekunywa maji yenye kiwango kikubwa sana kwa miaka mingi, madhara hufika kwenye mifupa: maumivu ya viungo, kukakamaa, hata miguu kupinda.

Mwanangu wakati huo alikuwa na mwaka 1 na miezi 2. Huo ni umri ambao meno yake ya mbele ya kudumu yalikuwa yanatengenezwa.

Simu kwa daktari wa meno

Wiki mbili baada ya Jumamosi ile nilikuwa naandaa habari fupi kuhusu afya ya kinywa kwa watoto. Nilimpigia daktari wa meno mmoja ambaye huwa ananisaidia. Tukiwa tunamalizia mazungumzo, nikamwuliza kama mtu anayetafuta kuthibitishiwa tu: "Na kuchemsha maji sana kunapunguza floridi, siyo?"

Alicheka. Akaniambia hapana. Kinachotoka kwenye sufuria ni mvuke wa maji peke yake. Floridi haiendi popote. Akanipa hesabu nyepesi: ukiwa na lita 2 za maji, ukayachemsha hadi ikabaki lita 1, floridi iliyokuwa kwenye lita 2 sasa yote iko kwenye lita 1. Kama ilikuwa miligramu 3 kwa lita, sasa ni 6.

Yalikuwa maneno ya dada wa kazi, karibu neno kwa neno.

Nilikaa kwenye kiti ofisini nikahesabu. Miezi mitano hivi tangu mtoto aanze uji na maji. Kila siku sufuria ile, kila siku dakika 20, kila siku mfuniko wazi. Hayo yalikuwa maagizo yangu. Kila mara binti yule alipotaka kuzima jiko mapema, mimi ndiye niliyemwambia awashe tena.

Kuna aibu ya kukosea, na kuna aibu ya kukosea baada ya kusahihishwa. Ya pili ndiyo iliyonikamata. Wiki mbili nzima mwanangu alikuwa ameendelea kunywa maji yale kwa sababu moja tu: aliyeniambia ukweli alikuwa ameshika ungo wa maharage.

Jemadari na kijakazi

Wiki hiyohiyo jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa mama yangu, ambaye anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Sisi ni Walutheri, na wanaosali huku Arusha wanajua ibada hizi za nyumba kwa nyumba: viti vya plastiki vya kuazima, chai ya maziwa, na mtu mmoja anaongoza neno. Siku hiyo mama ndiye aliyeongoza. Somo lilikuwa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, habari za Naamani.

Unaikumbuka hadithi hiyo. Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, lakini alikuwa na ukoma. Aliyejua dawa ya tatizo lake alikuwa msichana mdogo aliyetekwa kutoka Israeli, mtumishi wa mke wake. Ni yeye aliyesema yuko nabii Samaria anayeweza kumponya. Naamani alisafiri na fedha na dhahabu na mavazi, na alipofika, Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtumia mjumbe kumwambia akaoge mara saba katika mto Yordani. Jemadari akakasirika. Akauliza kwani mito ya kwao Dameski haikuwa bora kuliko maji yote ya Israeli? Akageuka aende zake. Waliomrudisha ni watumishi wake waliomsihi: kama angeambiwa jambo gumu angelifanya, kwa nini asifanye hili jepesi?

Nimesikia somo hilo tangu Shule ya Jumapili, na sikuzote nilidhani linahusu muujiza. Siku ile mama alituambia tuhesabu ni mara ngapi Naamani alisaidiwa na watu wa chini yake. Kwanza kijakazi. Kisha watumishi wake njiani. Mfalme wa Israeli, mtu wa hadhi yake, hakumsaidia chochote zaidi ya kurarua mavazi yake kwa hofu. Mama akasema kwamba ukoma ulikuwa kwenye ngozi, lakini kilichokaribia kumwua ni kuangalia anayesema badala ya kusikiliza kinachosemwa.

Binti wetu alikuwa amekaa mlangoni, amempakata mwanangu. Sikuweza kumtazama.

Maandiko yana mifano mingine ya namna hii, na inafaa kwa yeyote anayejiona ameshafika. Musa, aliyezungumza na Mungu, alisahihishwa na mkwewe Yethro kuhusu namna ya kuamua mashauri ya watu, naye akafuata ushauri ule. Apolo alikuwa msemaji hodari mwenye elimu ya Maandiko, lakini Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi, naye hakuona amedharauliwa. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa mahema.

Kuomba msamaha jikoni

Mama yangu alilelewa katika kizazi kilichoguswa na uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote. Watu wa uamsho walijulikana kwa desturi moja ambayo sisi vijana tuliiona ya ajabu: mtu anasimama anataja kosa lake waziwazi, mume mbele ya mkewe, mchungaji mbele ya waumini wake. Nilikuwa nikicheka nilipokuwa mdogo. Sasa nilielewa kwa nini ni ngumu, na kwa nini inasaidia.

Usiku ule, mtoto alipolala, nilimkuta dada anaosha vyombo. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yalinipotea. Nikamwambia tu: "Kuhusu maji ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea, na nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe."

Alicheka kwa aibu, akasema, "Aah dada, yameshapita." Nikamwambia hayajapita, kwa sababu tangu siku ile hakuwahi tena kuniambia jambo lolote kuhusu mtoto bila kuulizwa. Nilikuwa nimeliona hilo nikadhani ni adabu. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo.

Hapo ndipo akaniambia jambo la pili, ambalo alikuwa amelikalia wiki zote hizo. "Kuna magadi pia," alisema. "Kule kwa bibi, makande ya mtoto yanapikwa na magadi."

Ningemwomba msamaha kwa ajili ya amani tu, ningebaki na amani yangu na magadi kwenye sahani ya mwanangu. Lakini mtu aliyesikilizwa mara moja huthubutu kusema mara ya pili. Sijui ni mambo mangapi kuhusu watoto wetu wanayoyajua kina dada hawa wanaoshinda nao saa 10 kwa siku, na hawayasemi kwa sababu siku moja tuliwauliza waliishia darasa la ngapi.

Magadi ya bibi

Magadi ni chumvi ya asili inayotumika kulainisha maharage, mahindi ya makande na mboga ngumu ili viive haraka. Huku kaskazini yako karibu kila jiko. Yanaokoa kuni, mkaa na gesi, na hakuna aliyeyabuni kwa nia mbaya. Lakini magadi mengi yanayouzwa kwenye masoko yetu yana floridi, mengine kwa wingi. Watafiti wa meno waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 walikuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika maeneo ambayo maji yake hayakuwa na floridi nyingi, na magadi yalikuwa miongoni mwa sababu walizozibaini. Kwa hiyo unaweza kubadilisha maji na bado tatizo likaingia kwa njia ya chungu.

Mwanangu alikuwa anashinda kwa bibi yake siku mbili kwa wiki. Ningekuwa mimi wa mwezi mmoja kabla, ningekwenda na karatasi niliyochapa kutoka intaneti. Kusema kweli nilishajaribu hivyo, kuhusu jambo jingine, wakati mtoto akiwa mchanga. Mama alinijibu, "Nyie wote nimewalea hivihivi," nami nikamjibu kwa ukali, "Ndiyo, na meno yetu unayaona." Hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka baada ya nusu saa macho mekundu. Mwanamke yule alikuwa amenipikia kwa alichokuwa nacho na kwa alichokijua, na mimi nikamrudishia meno yangu kama deni.

Safari hii nilikwenda mikono mitupu. Baada ya shikamoo na chai, nilianza na kosa langu. Nilimweleza habari ya maji yaliyochemshwa, jinsi dada alivyonionya na nilivyomjibu. Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kumbe Naamani alikuwa amekaa sebuleni kwangu!" alisema.

Kisha nikamwuliza: "Mama, zamani kabla ya magadi mlikuwa mnalainishaje maharage?"

Alinyamaza akifikiri. Akasema bibi yake alikuwa analoweka maharage na mahindi usiku kucha, anamwaga maji yale, anapika kwa moto mdogo tangu asubuhi. Magadi yalikuwa ya kuharakisha. Akaniambia na jambo ambalo sikulijua: wazee wa kwao walikuwa na chemchemi waliyoichagua kwa ajili ya kunywa na nyingine ya kunyweshea ng'ombe, na wakati wa masika walikinga mvua kwa ajili ya chai. Hawakuwa na neno floridi, lakini walikuwa wanaangalia.

Sikumwambia aache magadi. Alipomaliza kusimulia, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Kwani magadi nayo yana hiyo kitu?" Nikamwambia aliyenieleza ni dada, na kwamba daktari wa meno amethibitisha. Kuanzia wiki ile makande ya mjukuu wake yanalowekwa usiku. Baba bado anapikiwa yake na magadi, kwa sababu anasema ya bila magadi hayana ladha. Hatujashinda kila vita.

Unyenyekevu usio wa kunyamaza

Ni lazima niseme jambo moja hapa, kwa sababu neno unyenyekevu limetumika vibaya kwenye nyumba nyingi. Mke anaambiwa anyenyekee, maana yake asiulize fedha zimekwenda wapi. Mtoto anaambiwa awe mtii, maana yake asiseme aliyoyaona. Dada wa kazi anaambiwa ajue nafasi yake. Huo ni unyenyekevu tunaowadai walio chini yetu ili sisi tusiguswe.

Kwenye habari ya Naamani, anayetakiwa kushuka ni jemadari. Kijakazi hakuambiwa anyamaze. Alisema, na ikawa heri kwa nyumba nzima. Ukitaka kujipima, usijiulize kama unamsikiliza mchungaji, bosi wako au daktari. Hao wote tunawasikiliza. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulibadilisha uamuzi kwa sababu ya maneno ya mtu unayemlipa, unayemzaa, au uliyemzidi shule.

Tena kukubali kufundishwa si kukubali kila unaloambiwa. Huku kwetu mtu mwenye meno ya kahawia atauziwa kila kitu: unga wa kusugulia, maji ya tindikali, chupa za maji yaliyoombewa. Binti wetu angeweza kuwa amekosea, na hata mwalimu wake angeweza kuwa amekosea. Nilichotakiwa kufanya Jumamosi ile kilikuwa chepesi: kusema "sijui, ngoja niulize," na kupiga simu siku hiyohiyo. Simu ilichukua dakika 4. Kiburi kilichukua wiki 2.

Hata wataalamu wanaofanya kazi nzuri huanza kwa kuuliza. Dk Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisoma hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela hapa Arusha. Mwaka 2015 chujio lake la maji lilishinda tuzo ya Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza. Jambo linalonivutia kwenye kazi yake ni kwamba chujio hilo hupangwa kulingana na maji ya mahali husika, kwa kuwa uchafu wa kijiji kimoja si wa kijiji kingine. Kwanza unayapima maji. Kisha ndipo unasema dawa.

Mambo ya kufanya nyumbani

Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anipe siku niliyojifungua.

Jua maji yako. Uliza mamlaka ya maji ya eneo lako kiwango cha floridi kwenye maji ya bomba unayopata. Arusha imefanyiwa mradi mkubwa wa maji wa Sh520 bilioni ambao moja ya malengo yake ni kupata maji yenye floridi kidogo, lakini nyumba nyingi bado huchanganya bomba, kisima cha jirani na madumu ya kununua. Kama unatumia kisima, peleka sampuli maabara. Sisi tulipima kisima tulichokuwa tunakimbilia maji ya bomba yakikatika, na kilikuwa juu ya kiwango.

Chemsha kwa ajili ya vijidudu tu. Yakishatokota vizuri, dakika 1 hadi 3 zinatosha, sufuria ikiwa imefunikwa. Kuchemsha bado ni muhimu, kwa sababu kuhara kunaua mtoto haraka kuliko floridi. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu, haiondoi floridi. Machujio ya kawaida ya udongo pia hayaiondoi.

Tafuta chujio sahihi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hii inafanya kazi, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Muulize anayekuuzia chujio lolote: linaondoa floridi, na linabadilishwa lini?

Kinga mvua. Maji ya mvua huwa na floridi kidogo sana. Acha mvua ya kwanza isafishe bati, kisha kinga kwenye simtanki safi. Kama ni machache, yatenge kwa ajili ya mtoto: maji yake ya kunywa, uji wake, chai yake.

Nyonyesha. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floridi. Miezi 6 ya kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine ni ulinzi ambao hauna bei. Maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji yenye floridi hayampi ulinzi huo.

Acha magadi kwenye chakula cha mtoto. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Ukiwa na presha kuka, gesi utaiokoa vilevile. Chai ya majani nayo ina floridi. Mtoto mdogo haihitaji.

Dawa ya meno iwe kidogo. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere, na mfundishe kutema.

Usimcheke mwenye madoa. Hayatokani na uchafu. Mtu mzima anayesumbuliwa nayo amwone daktari wa meno. Zipo njia za kupunguza mwonekano wake, na kusugua kwa mchanga au majivu si mojawapo.

Sema "sijui" mbele ya watoto wako. Hili si la daktari wa meno, ni langu. Mtoto anayemwona mzazi wake akisahihishwa na dada wa kazi na kushukuru, hataona aibu kusahihishwa shuleni.

Tutajua baadaye

Binti amenipa ruhusa ya kuandika habari hizi kwa sharti kwamba nisiandike jina lake wala la kijiji chao. Ameanza masomo ya jioni, mara tatu kwa wiki, na siku hizo mimi ndiye ninayeosha vyombo. Juzi alinirekebisha tena, kuhusu namna ninavyomfunga mtoto mgongoni. Nilihisi kile kitu kikinipanda kifuani, kilekile cha Jumamosi ile. Hakijafa. Nikanyamaza kidogo, nikafungua kitenge, nikafunga upya alivyosema. Mtoto akatulia.

Sasa mwanangu ana miaka 2 na nusu. Ana meno meupe madogo, lakini hayo ni ya utoto, hayanipi jibu. Meno ya kudumu ya mbele yataota akiwa darasa la kwanza au la pili. Ndipo nitakapoona kama ile miezi mitano ya sufuria iliyochemka sana iliacha alama, au kama tuliwahi.

Akiwa nayo, nitamweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Akiwa hana, nitamweleza ni nani wa kumshukuru.